Waya Mwembamba na Kifua cha Sifa

Dzaleka, Malawi
Majira ya vumbi

Baba yangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili na magoti chini, kama binti anavyopaswa kumsalimu baba yake, hata kama kati yetu kuna ziwa lote na nchi nzima ya Tanzania. Na magoti yako wewe je? Bado yanakuamsha mvua ikikaribia? Mihogo ya kule mlimani mmevuna ninyi, au nguruwe pori wamevuna kwanza? Na yule mbuzi mwenye kiburi, bado anaingia nyumbani bila hodi? Sisi huku Mungu ametuchunga. Wilondja mkwe wako amekonda kidogo, lakini mdomo wake haujakonda hata chembe. Sifa mjukuu wako ni mzima. Lishike hilo kwanza, Baba, Sifa ni mzima, juu mambo nitakayokueleza yatakutisha na sitaki uyasome roho mkononi.

Utauliza, mbona barua na simu ziko? Baba, kwenye simu we unasema "nini? nini?" na mi nasema "nasema hivi!" mpaka salio linaisha tukiwa bado kwenye salamu. Tena haya ni mambo ya hesabu, na hesabu inataka macho. Mama jirani yetu anarudi Uvira na atapita kwenu, njo yeye anakuletea karatasi hizi. Akifika mpe ndagala wa kukaanga, huku tunakula usipa, dagaa wa ziwa lao, na kila siku nasema si mbaya, lakini si ndagala.

Basi sikiliza. Ile pumu ya Sifa uliyoijua huko Baraka, yeye akiwa bado wa kubebwa mgongoni, huku iliota meno. Vumbi la Dzaleka ni jekundu na jepesi, upepo ukiamka mchana linaingia hata kwenye chungu kilichofunikwa. Sifa akishikwa, mabega yanapanda, shingo inaingia ndani, na kifua kinapiga mluzi. Hawezi kumaliza neno. Anasema "Ma..." halafu anatafuta hewa, halafu "...ma." Mtoto wa miaka saba, Baba! Nesi wa kliniki alinieleza kwamba hewa iko nje tele, na nguvu ya kuvuta mtoto anayo, ila njia za ndani zinajibana na kuikataa. Siku moja midomo yake iligeuka rangi. Wilondja alimkimbiza kliniki mgongoni, mimi nyuma yao nalia kama mwendawazimu, na siku ile nilijua kwamba huyu mtoto anaweza kutuponyoka hivi hivi mchana kweupe.

Mungu si Athumani. Mama mmoja wa Area 47 kule Lilongwe, ninayemshonea yunifomu za watoto wake, alikuwa na mashine ndogo ya kugeuza dawa kuwa ukungu. Mtoto anavaa kifuniko cha puani na mdomoni, mashine inanguruma, yeye anavuta ukungu na njia zinafunguka. Wa kwake alikwisha kupona akanipa. Nilifika nayo nyumbani nikaiweka mezani kama mgeni wa heshima. Sasa shida ikawa moto wa kuitia. Umeme wa kambini ukikatika haukuagi na haukwambii unarudi lini. Lakini kanisa letu lina betri ya gari inayojazwa na jua kwa ajili ya gitaa na spika za kwaya, na mashine yenyewe inatumia betri. Sawa? Si sawa. Funguo ya kanisa anatembea nayo mchungaji, na mchungaji wetu anauza viatu sokoni Mponela siku zote isipokuwa Jumapili. Sifa akishikwa siku ya Jumanne, nimtafute Mponela?

Njo Wilondja akapata wazo. Kanisa liko kama mita hamsini toka kwetu. Mchungaji akakubali waya utoke dirishani pa kanisa, upite juu ya mapaa ya majirani, uingie kwetu. Kwaya ikatupa waya wao wa spika, ule mwembamba mwekundu na mweusi, kwenda na kurudi. Siku ya kuunganisha majirani walikuja kama kwenye harusi. Taa ikawaka! Tukapiga vigelegele. Simu ikaingiza chaji. Tukaunganisha mashine ya Sifa. Baba, ikasema "mmmm", kama mtu mgonjwa anayeitwa akashindwa kuitika. Ukungu haukutoka.

Hapo kila mtu akawa fundi. Mmoja anasema betri imezeeka. Tukaibeba mashine mpaka kanisani Jumapili, pale kando ya betri ikanguruma vizuri kabisa. Tukarudi nayo nyumbani: "mmmm". Mama wa kwaya akaninong'oneza, "Mama Sifa, hapa iko mukono ya mutu. Kintu inatumika ku kanisa na inakufa mu nyumba yako? Fungeni, muombe." Nilifunga, Baba. Niliomba. Lakini pia nilikasirika, na wewe unajua mi nikikasirika inakuwaje. Nikasikia kuna darasa la umeme limefunguliwa hapa kambini, nikaenda kujiandikisha na tepu yangu ya ushonaji bado iko shingoni. Vijana walicheka. Nikawaambia kuuliza si ujinga, ujinga ni kucheka na kesho kunililia niwapunguzie suruali.

Mwalimu wetu ni Mmalawi anayetoka Lilongwe, mtu mpole, Kiswahili amekiokota kwetu na anakisema kwa ushujaa. Siku ya kwanza alileta kipimo, kidude cha mkononi chenye nyaya mbili na kioo cha namba. Akasema umeme hauonekani, lakini ukiuuliza vizuri unajibu. Volti ni msukumo, yaani nguvu inayosukuma. Ampea ni wingi wa ule unaopita njiani. Halafu akaandika ubaoni: chukua volti, gawa kwa ampea, unapata omu, ukinzani wa njia. Chukua volti, zidisha kwa ampea, unapata wati, kazi yenyewe inayofanyika. Basi. Hiyo tu. Mi nilingoja aendelee.

"Mama iko naelewa ukinzani?" akaniuliza, juu nilikuwa nimekunja uso.

Nikafikiri. Msukumo upo, cha kupita kipo, na njia inakataa. Nikasema, "Mwalimu, hicho ni kifua cha mtoto wangu."

Mwalimu akasema polepole, "Eee, mama. Zikomo, asante. Ni kile kile." Nilikaa chini na machozi yananitoka, sijui juu ya nini. Ilikuwa kama mtu amenionyesha kwamba Mungu ana sheria moja na ameiweka sehemu zote mbili, kwenye shaba na kwenye mtoto.

Nikamsimulia kuhusu mashine inayokufa nyumbani kwangu. Hakucheka na hakusema neno juu ya mkono wa mtu. Akaniuliza mgongo wa mashine umeandikwa nini. Nilikuwa nakumbuka: volti kumi na mbili, ampea tatu. "Gawa," akasema. Nikagawa, omu nne. "Zidisha." Nikazidisha, wati thelathini na sita. Akanikopesha kipimo nikapime mwenyewe mpaka kesho yake.

Baba, laiti ungekuwepo. Jioni mchungaji alipotufungulia, nilipima pale kanisani kwenye betri, namba ikasema kumi na mbili. Nikapima kwetu, mwisho wa waya, kabla ya kuunganisha kitu: kumi na mbili! Wilondja akasema, "Unaona? Waya haina tatizo." Nikaunganisha mashine, ikaanza "mmmm" yake, nikapima tena mahali pale pale. Sita. Nilisugua macho. Sita! Nikazima mashine, zikarudi kumi na mbili. Nikawasha, sita. Nusu ya msukumo ilikuwa inapotea njiani, ila pale tu mashine inapoomba kula. Taa ndogo inaomba kidogo sana, njo maana ilikuwa inapita bila kusumbuliwa.

Nikapima na ampea kama nilivyofundishwa: moja na nusu. Sasa nikakaa chini na chaki yangu ya kushonea, nikaandika kwenye mlango. Volti sita zimepotea kwenye waya, gawa kwa moja na nusu, omu nne. Waya ule mwembamba ulikuwa mkaidi sawasawa na mashine yenyewe! Walikuwa wanagawana msukumo nusu kwa nusu kama ndugu wawili kwenye sahani. Na mashine ilibaki na nini? Sita mara moja na nusu, wati tisa. Mashine inayotaka thelathini na sita ilikuwa inapewa tisa. Robo, Baba! Nilimlaumu mchungaji moyoni, nililaumu betri, nilianza hata kumtazama vibaya jirani mmoja, Mungu anisamehe, na kumbe aliyekula ni waya. Niliushika mkononi, ulikuwa na joto kidogo. Ile ilikuwa pumzi ya mtoto wangu, inaliwa juu ya mapaa ya watu.

Sasa hapa nikuchekeshe na nikuogopeshe pamoja. Nilipomweleza Wilondja kwamba nusu ya volti inapotea, alipiga makofi. "Basi njo rahisi! Tupange mawe ya baba!" Anakumbuka ulivyokuwa unapanga mawe ya tochi, zile betri zake, yaliyochoka, moja nyuma ya lingine kwenye nusu ya mwanzi, ukayaanika juani, na redio ikasema habari mpaka mwisho. Kwetu Fizi nzima tumekua tunajua hivyo: redio ikichoka, ongeza jiwe kwenye mstari. Nilimwambia angoje nimuulize mwalimu. Angoje! Mi nimeenda Lilongwe kupeleka nguo, yeye ameazima betri ya kinyozi, mchungaji yupo siku hiyo, wameipanga nyuma ya betri ya kanisa. Ishirini na nne.

Na ikafanya kazi! Njo kinachoniuma. Mashine ilinguruma, Sifa akavuta ukungu, Wilondja akasema moyoni huyu mwanamke atanitambua leo. Sifa alipomaliza, akazima mashine. Taa ilikuwa inawaka kwenye waya ule ule. Mashine ilipoacha kula, waya nao ukaacha kula, na volti zote ishirini na nne zikaiangukia taa. Pa! Giza, harufu, mtoto anapiga kelele. Na harufu haikuisha. Waya uliobaki tulikuwa tumeuzungusha kama kamba na kuusukuma chini ya turubai la plastiki la dari, juu ya kitanda cha Sifa. Wilondja aliingiza mkono akautoa haraka. Plastiki ilikuwa imeanza kulainika.

Nilirudi nikamkuta amekaa mlangoni, waya wote ameukata. Wilondja bila maneno, Baba, ni jambo la kutisha kuliko moto. Nilifanya hesabu mbele yake. Ampea tatu zikipita kwenye waya wa omu nne, volti kumi na mbili zinaangukia waya wenyewe. Kumi na mbili mara tatu, wati thelathini na sita. Waya ulikuwa unapika kwa nguvu ile ile ya mashine, juu ya kichwa cha mtoto. Akasema, "Mi nilitaka apumue tu." Nikamwambia najua. Na hesabu yake ya volti ilikuwa ya kweli, nilimwambia hilo pia, na wewe nakwambia: ulikuwa unajumlisha volti kwenye ule mwanzi, Baba, bila mtu kukufundisha. Lakini redio yako ilikuwa inakunywa kidogo, na waya wako ulikuwa mfupi kama kidole. Sisi tuliongeza msukumo wakati dawa ilikuwa kufungua njia.

Mwalimu alinionyesha kwamba shaba ikinenepa mara mbili ukaidi unakuwa nusu, mara nne unakuwa robo. Nikatafuta unene niutakao. Shaba mara kumi na mbili, omu nne zinashuka mpaka theluthi moja ya omu. Ongeza nne za mashine. Kumi na mbili gawa kwa jumla hiyo, nikapata ampea mbili na robo tatu hivi, zidisha kwa nne za mashine: volti kumi na moja na punje. Nilirudia mara nyingi, juu niliogopa. Hivi mtu anaweza kukaa kwenye kigoda Dzaleka na kujua namba ambayo haijatokea bado?

Nikaenda Kanengo, kule kule Lilongwe. Kule kwenye maghala ya tumbaku kuna mzee anauza vyuma chakavu na nyaya zilizong'olewa viwandani. Alinionyesha waya wa kawaida, akaniita mayi, yaani mama. "Mayi, kamashine kadogo, waya huu unatosha kabisa." Nikamwita bambo, baba kwa lugha yao, nikasema hapana, nataka ule mnene pale chini. Akacheka, akaniuliza kama nataka kuwasha kiwanda. Nikamwambia nataka kuwasha mtoto. Sikujua kwamba nitalisema hivyo, lilitoka. Aliacha kucheka. Turubai lake la kufunika mzigo lilikuwa limechanika vibaya, nikakaa pale pale na sindano kubwa nikalishona lote mpaka vidole vikavimba, tukawa tumelipana. Waya ule mzito nilirudi nao kwenye basi mapajani, hakuna aliyekubali kukaa karibu nami.

Wilondja aliulaza kwa mikono yake, polepole, na safari hii hakuacha hata kipande cha ziada ndani ya nyumba. Karibu na betri akaweka fyuzi aliyoagizwa na mwalimu, na kipimo mwalimu alinikopesha tena. Nikaandika kwa chaki kwenye mlango, kubwa, kila mtu aone: 11. Tulikuwa tunangoja mchungaji afike jioni atufungulie tuunganishe upande wa kanisa.

Alifika mapema, na upepo ulifika naye. Wewe hujauona upepo wa huku. Ulinyanyua njia nzima ukaitupa juu. Sifa alikuwa nje na wenzake. Aliingia akijishika kifua, na nilipomwona mabega nilijua kwamba hii si ndogo. "Ma..." akasema, na sehemu ya pili haikuja. Nilimkalisha, nikamwekea kifuniko, dawa inanimwagikia mkononi. Wilondja alikimbia kanisani. Mi nilibaki nimeshika kidole kwenye kitufe, namtazama midomo. Baba, sikuomba maneno mazuri. Nilisema tu, njia, Bwana, njia, njia.

Wilondja akapiga kelele toka kanisani, "Washa!" Nikawasha.

Ikanguruma. Si "mmmm". Ilinguruma kama vile betri imo chumbani humo humo, na ukungu ukajaa kwenye kifuniko mpaka sikumwona pua. Alivuta. Akavuta tena. Mluzi ulikuwa mwembamba, halafu ukawa mpana, halafu ukaanza kukatika katika. Mabega yakashuka kidogo kidogo. Wilondja aliingia mbio, vumbi mpaka kwenye nyusi, akachukua kipimo akakiweka kwenye waya, akanigeuzia kioo. Kumi na moja, nukta, sifuri tano. Akatazama mlango. Akatazama kipimo. Akavua kofia, Baba, ndani ya nyumba yake mwenyewe, kama mtu aliyeingia kanisani.

Mi nimeona vingi tangu tulipotoka Baraka, na vingi naomba nivisahau. Hiki sitaki kukisahau. Kitu kisichoonekana, kinachopita ndani ya shaba, nilikiuliza kwa kugawa na kuzidisha, na kikatimiza neno lake, kwetu sisi, wakimbizi, nyumba ya matofali ya udongo. Hakikuuliza karatasi zangu. Mwalimu anasema kimekuwa hivyo tangu dunia iumbwe. Kilikuwa hivyo hata kwenye mwanzi wako.

Nisalimie shangazi Mauwa aliyemkata Sifa kitovu, mwambie kazi yake haijapotea. Nisalimie kaka yangu mkubwa Asukulu, mwambie dada yake siku hizi anatengenezea watu nyaya na asinitume tena kuchota maji nikija. Mama mdogo Esta anayekupikia, mwambie apunguze chumvi, na wewe usimwambie kwamba nimesema mimi. Mchungaji na wanakwaya wote wanakusalimu bila kukujua. Wilondja anainamisha kichwa mbele yako na kusema mawe ya redio ameyaacha.

Nilitaka kuandika zaidi, lakini nimekaa hapa mlangoni pa kanisa, na toka kule nyumbani, mita hamsini nzima na upepo katikati, kuna mtoto ananiita. Ananigombeza, Baba! Ugali unaungua, na mi nafanya nini huko, na baba amesema nirudi, na yeye ana njaa, yote kwa pumzi moja, bila kusimama. Majirani wanatoka kusikiliza. Wacha nikae kidogo nisimwitikie, aendelee.

Ni mimi binti yako,
Riziki, Mama Sifa